Upatanisho wa Kisarufi katika Ujumbe wa Makosa: Kiolezo Kisitunge Sentensi

Tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kishiriki kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, mjadala wa Kiswahili cha kompyuta umeegemea mno istilahi. Sentensi imesahauliwa, ilhali ndimo lugha inamoumizwa zaidi.

Programu inapohakiki fomu na kukuta nafasi tupu, hupeleka ujumbe wa kosa kwenye kiolezo cha ukurasa. Katika Laravel, ujumbe wa awali wa Kiingereza ni sentensi moja yenye pengo, :attribute, linalojazwa jina la nafasi yoyote. Kiingereza hakidhuriki. Kiswahili chadai jina linahitajika, umri unahitajika, kitambulisho kinahitajika. Mfasiri aliyeandika “inahitajika” mara moja tu amepatia nywila na anwani, akakosea hayo mengine. Mkazi wa Engutoto jijini Arusha, awe azungumza Kimeru au Kiarusha nyumbani, akisoma “Kitambulisho inahitajika” ana haki ya kuitilia shaka fomu hiyo, hasa iwapo inamwomba nywila yake.

Wapo wanaokwepa. Ujumbe wa awali wa Django hautaji jina lolote. Husema tu kwamba nafasi hii ni ya lazima. Wengine hukimbilia “si sahihi”, kwa kuwa kikanushi “si” hakibadiliki na kivumishi “sahihi”, kama vingi vya asili ya Kiarabu, hakipokei kiambishi cha ngeli: jina si sahihi, umri si sahihi. Ni werevu (na mwanafunzi wa mofolojia ataufurahia), lakini hukwama papo hapo kwenye -fupi: nywila ni fupi mno, ujumbe ni mfupi mno, kichwa ni kifupi mno. Tena “si sahihi” haimwambii mtu afanye nini.

Kiolezo kipewe sentensi iliyokwisha kutungwa. Django huruhusu kila nafasi kuwa na ujumbe wake kupitia error_messages, na Laravel nayo hukubali ujumbe maalumu kwa kila nafasi na kila kanuni. Hapo mtu anaweza kuandika: “Namba ya Kitambulisho cha Taifa ina tarakimu 20; tafadhali hesabu tena ulizoandika.” Waundaji wa programu watalalamika kwamba fomu yenye nafasi 10 na kanuni 3 kwa kila moja itadai sentensi 30. Itadai, naam, na azitunge mjuzi wa lugha kabla fomu haijafika kwa umma.