Mboni ya Jicho Ina Bei Gani?

Mnamo Julai 2023, maelfu ya Wakenya, wengi wao vijana, walipiga foleni katika jumba la KICC jijini Nairobi na kwingineko ili mboni za macho yao zipigwe picha na kifaa cha mradi wa Worldcoin. Ujira wao ulikuwa sarafu za kidijitali zilizokadiriwa wakati huo kuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Mwanzoni mwa Agosti serikali ilisimamisha shughuli hiyo. Mnamo Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe, ikishikilia kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kishawishi cha malipo haikuwa halali.

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Hata hivyo, kuwalaumu vijana wale ni kulikwepa swali la msingi: je, shule ya upili iliwaandaaje kulipima jambo lile? Somo la Biashara liliwafunza bei na faida. Somo la Kompyuta, kwa waliobahatika kulisoma, liliwafunza namna data inavyohifadhiwa. Somo la Historia na Serikali liliwagusia haki za raia, nayo Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 31, inalinda faragha. Foleni ile ilidai maarifa haya yote kwa mpigo mmoja, ilhali darasani kila somo lilikaa kisiwani mwake.

Hatari hiyo haijatoweka. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wamegawanywa katika mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na sayansi ya michezo. Mgawanyo huu una manufaa yake, kwani unakuza vipawa. Lakini atakayeunda programu za mikopo ya simu huenda asisome kamwe kuhusu jamii itakayokopa, na atakayesomea biashara huenda asijue programu hiyo inachota nini katika simu ya mteja.

Wapo watakaodai kwamba maadili ni kazi ya wazazi na viongozi wa dini. Dai hili lina ukweli, ila mzazi anayemwonya mwanawe dhidi ya wizi hajapewa nyenzo za kumweleza kwa nini orodha ya majina katika simu ni mali inayoweza kuibwa. Wengine watasema kwamba ratiba imejaa. Hao nao wana haki, maana hata somo la Elimu ya Jamii na Maadili lilikuwapo chini ya mfumo wa 8-4-4, kisha likaondolewa. Kwa hiyo siombi somo jipya.

Ninachopendekeza ni kwamba jukumu hili libebwe na Kiswahili. Pamoja na Lugha ya Ishara ya Kenya inayoweza kuchaguliwa badala yake, Kiswahili ni miongoni mwa masomo machache ya lazima katika mikondo yote mitatu. Isitoshe, kiini cha tatizo ni lugha. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi, huru, mahususi na yenye ufahamu. Mtu ataridhiaje kwa ufahamu masharti marefu ya Kiingereza cha mawakili, ambayo yeye huyapita mbio ili abonyeze kitufe cha kukubali? Mwanafunzi aliyefunzwa kutofautisha ridhaa, ruhusa, idhini na kibali amekwisha kuingia katika maadili ya teknolojia. Akifupisha masharti ya mkopo kwa maneno 80, atakuwa amejifunza ufupisho na biashara kwa pamoja. Akijadili hoja kwamba uso wa mtu usiuzwe, atakuwa raia kabla ya kuwa mteja.

Basi wito huu ni kwetu sisi, kabla ya kwa wizara. Wengi wetu tutakwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Tusibebe tu vifungu vya ufahamu kuhusu usafi wa mazingira na madhara ya dawa za kulevya. Tutunge pia vya mikopo ya simu, faragha na ridhaa. Wahadhiri wetu nao watusaidie kuzisanifu istilahi hizo. Samaki hukunjwa angali mbichi, na vijana hawa tayari wana simu mikononi.