Mmoja ana viatu, mwingine hana

Hapa Kasoli kuna swali ninaloulizwa mara kwa mara, zahanati na hata kanisani. Katika nyumba moja binti ana mfadhili. Jumamosi huenda kituo cha kanisa, anakula, anafundishwa, anapimwa uzito, na ana sare na viatu vyeusi. Mdogo wake anakwenda shule na kandambili. Mama anauliza: “Nesi, fedha za mwanangu zinatoka Ulaya kila mwezi. Kwa nini nisikabidhiwe mimi ninunue jozi mbili?”

Msimcheke, swali lake ni la haki. Tuangalie basi fedha hizo zinavyotembea. Shirika la Compassion lilianzia Korea mwaka 1952, pale mhubiri Mmarekani, Everett Swanson, alipokuta watoto yatima wa vita. Tanzania liliingia mwaka 1999, na kazi yake hupitia makanisa yaliyopo. Mfadhili huchagua mtoto kwa jina na picha, kisha hulipa kila mwezi. Mwaka 2013 Mmarekani alikuwa akilipa dola 38. Lakini fedha hiyo haiji katika bahasha yenye jina la mtoto. Inalipia chakula, masomo ya Jumamosi, matibabu, vifaa, na sehemu yake huendesha ofisi. Kwa hiyo mama hatapewa mkononi. Kuuliza hesabu, hata hivyo, ni ruhusa, na kiongozi wa kituo anayenuna akiulizwa hesabu, mimi humtilia shaka.

Je, inasaidia kweli? Mwaka 2013 wataalamu Wydick, Glewwe na Rutledge walitoa matokeo ya uchunguzi wao katika nchi sita, zikiwemo Kenya na Uganda, kwa watu zaidi ya 10,000. Waliwatazama watu wazima waliofadhiliwa utotoni, wakawalinganisha na wengine, hasa ndugu zao wa nyumba moja waliokosa nafasi kwa sababu umri ulikuwa umepita. Waliofadhiliwa walisoma zaidi, kwa wastani wa mwaka 1.03 hadi 1.46. Mwaka mmoja na zaidi si kidogo kwa binti wa kijijini.

Sasa yule wa kandambili. Ada ya sekondari ya kutwa hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Kilichobaki shingoni mwa mzazi ni sare, madaftari, viatu na chakula. Binti akishanunuliwa sare na kituo, ile fedha ya pamba uliyokuwa umemtengea imebaki nyumbani. Hiyo ndiyo ya mdogo wake! Nyumba nyingi haimfikii. Baba anasema, “Huyu ana mzungu wake,” na fedha inaishia kwenye mambo mengine. Kaeni na mwenzako mapema, kabla pamba haijauzwa, mkubaliane.

Na hilo neno “ana mzungu wake” lina hatari nyingine, ambayo mimi kama nesi naiogopa zaidi. Mtoto anapata homa Jumatano, mama anamweka ndani akingoja Jumamosi ili kituo kilipe. Tafadhali, mama! Malaria kali inaweza kumwondoa mtoto katika siku moja au mbili. Mlete zahanati siku hiyo hiyo, apimwe damu, mengine mtayazungumza na kituo baadaye. (Kingine: akikulia kituoni Jumamosi, Jumapili hadi Ijumaa bado anahitaji dagaa na karanga. Michembe peke yake haimtoshi.)

Tena, ufadhili unaweza kukatika. India shirika hilo hilo lilifanya kazi kwa miaka 48, kisha serikali ikalizuia kuingiza fedha bila kibali, na Machi 2017 likafunga. Watoto zaidi ya 140,000 walikuwa katika mpango huo. 

Kwa hiyo wewe mwenye binti kituoni, ukiwa katika kikundi cha VICOBA, anza sasa kununua hisa moja ya ziada kila wiki kwa ajili ya masomo yake, wakati sare bado inanunuliwa na mwingine. Na mwambie baba yake hisa hiyo ni ya nini.