Kazi ya Mteja wa Siri: Tazama Pesa Inaelekea Wapi

Vijana kadhaa wameniuliza kama kazi ya "mteja wa siri" inamfaa mtu aliyeokoka, na kama ni kazi kweli au ni wizi wa mtandaoni. Ni kazi kweli. Wizi nao upo, tena mwingi, na unajificha ndani ya jina hilo hilo.

Kazi yenyewe iko hivi. Benki, supamaketi au kituo cha petroli kinataka kujua wateja wanahudumiwaje meneja akiwa hayupo. Kinalipa kampuni ya utafiti, nayo inakutuma wewe uende kama mteja wa kawaida. Unaweka mafuta ya mia tano. Je, mhudumu alikuonyesha pampu iko sufuri kabla ya kuanza? Alikusalimu? Alikupa risiti bila kuombwa? Ukitoka unajaza fomu siku hiyo hiyo, unatuma picha ya risiti, halafu unarudishiwa pesa yako pamoja na malipo madogo. Madogo, nasema, na mara nyingi huja baada ya wiki kadhaa. Anayekuahidi kwamba utalipa kodi ya nyumba kwa kazi hiyo pekee ameshaanza kukudanganya.

Wengine wanasema ni uongo kwa sababu unajifanya mnunuzi. Mimi sioni hivyo. Umenunua kweli na umelipa kweli, na mwajiri mwema huwaambia wafanyakazi mapema kwamba watu kama hao watakuja. Uongo huingia kwenye fomu. Ukiandika ulisubiri dakika ishirini na ulisubiri tano, au ukiijaza ukiwa kitandani bila kwenda, kuna dada wa watu pale kaunta anayeweza kupoteza kazi kwa maneno yako. Kampuni inayokuambia utafute makosa hata kama hayapo, ikimbie, hata kama inalipa vizuri.

Sasa, ya kuaminika utaijuaje? Tazama pesa inaelekea wapi. Kampuni ya kweli haikuombi pesa ya usajili, wala ya mafunzo, wala ya "kufungua akaunti". Hata mia mbili usitume. Pesa unayotoa ni ile unayolipa dukani tu, na kiasi chake na siku ya kurudishiwa viwe vimeandikwa kabla hujatoka nyumbani. Anza na ununuzi mdogo, uone kama wanalipa.

Kuna wajanja zaidi. Wanakuingiza kwenye kundi la WhatsApp au Telegram na wanaanza kwa kukulipa wao: mia moja, mia mbili, M-Pesa inaingia. Moyo unatulia. Kisha inakuja "kazi kubwa", lakini lazima uweke elfu tano kwanza. Ukiweka, inadaiwa elfu kumi ili kuikomboa ile ya kwanza. Ninyi ndugu zetu mlio Marekani, kwenu mtego ni hundi: unatumiwa, unaiweka benki, unaambiwa ununue kadi za zawadi na kutuma namba zake. Wiki chache baadaye benki inagundua hundi ni bandia, na deni ni lako.

Kabla hujajiunga, tafuta jina la kampuni kwenye usajili wa biashara kupitia eCitizen. Makampuni haya yana chama chao cha kimataifa, MSPA, chenye tawi la Ulaya na Afrika. Orodha ya wanachama iko mtandaoni. Lakini matapeli huazima majina ya kampuni halisi, kwa hiyo ingia mwenyewe kwenye tovuti ya kampuni. Usifuate linki uliyotumiwa. PIN ya M-Pesa hakuna anayeihitaji isipokuwa wewe.

Meseji ya namna hiyo ikiingia kwenye laini ya Safaricom, ipeleke 333. Na kama umeshatuma pesa na unaona aibu kumwambia mume au mke wako, niandikie inboksi leo. Sitakugombeza.