MIGUU NAYO NI USAFIRI!

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu wa ushirika wetu umekaribia, na katika ajenda imo hoja ya kutumia akiba ya chama kupanua njia ya kwenda ghalani ili lori lifike mpaka mlangoni. Nimeisoma hoja hiyo mara mbili. Imetaja lori, imetaja trekta, imetaja kifusi. Mwenda kwa miguu hakutajwa, wala baiskeli. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Hebu tuulizane kwa haki: nani anakwenda ghalani? Simama njia panda asubuhi ya siku ya soko, uhesabu. Utawaona akina mama na mikungu ya ndizi kichwani, na wengine wamebeba majani ya ng'ombe waliyoyafuata huko chini tambarare tangu alfajiri. Utawaona vijana wanasukuma baiskeli zenye magunia ya viazi na mahindi, na watoto wa shule wamejibana ukingoni. Malori utayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vitabaki. Jamani, mpango gani huu wa kuhesabu matairi na kusahau nyayo?

Katika kikao kilichopita mjumbe mmoja alisema, ati mwenda kwa miguu hahitaji mpango, yeye atapita popote. Atapita popote? Masika yaliyopita nilikuwa na gunia la maharage kwenye baiskeli pale korongoni, juu ya yale magogo mawili tunayoyaita daraja. Gogo likateleza. Maharage yalikwenda na maji, mimi nikatoka na goti limevimba. Na mimi ni mtu mzima. Watoto wa darasa la kwanza wanapita hapo hapo kila siku ya shule. Tunangoja nini? Tunangoja matanga?

Ndugu zangu, jambo hili si geni nchini. Katika miaka ya 1980 huko Makete, wakati huo mkoa wa Iringa, serikali yetu na Shirika la Kazi Duniani walifanya jambo la busara. Kabla ya kununua kifusi walikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza: unakwenda wapi, umebeba nini, nani anabeba? Majibu yakawa wazi. Safari nyingi za mwanakijiji hazipiti barabara ya magari kabisa. Ni za shambani, za maji, za kuni, za mashine ya kusaga na za zahanati. Ni za miguu, mzigo uko kichwani, na kichwa chenyewe mara nyingi ni cha mama. Basi wakatengeneza vijia, wakajenga madaraja ya miguu, wakahimiza na punda wa kubeba mizigo. Makete waliuliza kwanza. Sisi tumeanza na kifusi!

Wazee mtakumbuka pia Azimio la Arusha la mwaka 1967. Lilitukumbusha kwamba barabara za lami zinawafaa zaidi wenye magari, lakini deni la kuzijenga hulipwa kwa jasho la mkulima. Leo mkulima huyo huyo akiomba kijia cha kupita na mkungu wake, anaambiwa ni anasa.

Sisemi lami ni mbaya. Lami ya kutoka Marangu ilipofika Tarakea tulishangilia, na tulikuwa na haki. Lakini lami imeleta na mwendo. Gari la kilomita 60 kwa saa linagonga kwa nguvu mara nne ya lile la kilomita 30. Hiyo ni hesabu, si maneno ya mtaani. Sheria inasema penye makazi mwisho ni 50. Nani anaitii siku ya gulio, wakati mama na mzigo wake anatembea juu ya lami hiyo hiyo kwa kuwa pembeni ni mtaro?

Sasa nijibu visingizio.

Wanasema mwenda kwa miguu halipii barabara. Si kweli. Mfuko wa Barabara unajazwa zaidi na tozo katika kila lita ya mafuta. Sukari, saruji na mbolea zinafika hapa kwa gari, na mwenye duka anaitia tozo hiyo katika bei. Kila anayenunua kilo ya sukari amelipia barabara, hata kama hajawahi kushika usukani.

Wanasema hakuna nafasi. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Zamani ilikuwa 22 na nusu. Lami inakula mita chache tu. Kama vihamba vyetu vimebanwa kwa ajili ya barabara, basi barabara nayo itutolee mita mbili za miguu.

Wanasema baiskeli ni ya maskini, imepitwa na wakati. Waholanzi ni matajiri kuliko sisi. Katika miaka ya 1970 waliandamana barabarani kwa sababu magari yaliua watoto wao, wakadai njia za baiskeli, wakazipata. Leo mawaziri wao wanaonekana juu ya baiskeli. Na hapa kwetu, Mwendokasi ilipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, Barabara ya Morogoro ilikuwa imewekewa njia za miguu na za baiskeli. Lakini tujifunze na kosa lake: wenye biashara na bodaboda hupanga vitu vyao humo mpaka mtembeaji anarudi kwenye magari. Njia isiyolindwa si njia.

Kwa hiyo napendekeza mkutano uamue hivi:

1. Kabla ya shilingi moja kutoka, tuhesabu siku mbili, ya soko na ya kawaida: miguu, baiskeli, pikipiki, magari. Wanafunzi watatusaidia.
2. Daraja la miguu la korongoni litangulie, lenye vishikio, na upana wa kutosha baiskeli yenye gunia.
3. Njia ya ghalani ikipanuliwa, upande mmoja uwe wa miguu na baiskeli, umeinuka, na mtaro uwe na mfuniko.
4. Uongozi wa kijiji uandike barua kwa wenye barabara, TANROADS kwa ile kubwa na TARURA kwa hizi zetu, kuomba matuta na kivuko mbele ya shule.
5. Meza za soko na kijiwe cha bodaboda visikae juu ya njia ya miguu. Sisi wenyewe tusimamie.

Kazi ya mikono tunaiweza kwa msaragambo. Mawe tunayo, na mafundi tunao. Kinachokosekana ni kauli.

Akina mama, njooni mkutanoni kwa wingi. Mzigo ni wenu, basi na kura iwe yenu. Mkikaa nyumbani, hoja itapita na lori lake, na masika tutakutana tena kwenye magogo.

Ushirika ni wa wote: mwenye gari, mwenye baiskeli, na mwenye miguu miwili tu.

Mwanachama mwenzenu,
Tarakea