Goma: mazuku yanapimwa, moshi wa barabara nao upimwe

Kila mkaaji wa Goma anajua mazuku. Ni hewa nzito inayotoka ardhini na kujaa mabondeni. Haionekani, lakini inaua mtu na mbuzi. Kwa kuwa inaua upesi, wataalamu wa volkano wanaipima na kuonya watu. Hewa chafu ya barabarani inaua polepole, kwa hiyo inaitwa vumbi tu.

Vumbi tu? Kutoka Katindo, Ndosho hadi Mugunga, malori na pikipiki zinapita tangu asubuhi. Mama muuza ndizi anakaa hatua mbili kutoka barabara, mtoto mgongoni. Mwaka wa 2023 na 2024, familia nyingi zilizokimbia vita zilijenga vibanda karibu na njia hiyo ya Sake. Turubai haizuii moshi wa mazuti.

Kinachodhuru zaidi hakionekani. Unywele mmoja una unene wa karibu mara 30 wa zile chembe ndogo zinazoitwa PM2.5. Zinaingia mpaka ndani ya mapafu, nyingine zinafika kwenye damu. Tangu 2021, Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri kwamba kwa masaa 24 zisipite mikrogramu 15 katika kila mita moja ya ujazo ya hewa. Viongozi waseme: pale Ndosho jioni, magari yakifungana, zinakuwa ngapi?

Wengine watajibu kwamba kupima hakuondoi vumbi, na kwamba watu wana njaa na vita. Hilo ni jibu la mtu anayelala mbali na barabara. Hata malaria inapimwa kabla ya dawa. Bila hesabu, hakuna wa kuulizwa. Kukiwa na hesabu, itajulikana wapi pa kumwagia maji, lori gani lizuiwe, na wapi pasijengwe shule wala kambi.

Na mashine zisiwekwe juu ya paa la ofisi kando ya ziwa. Ziwekwe pale mama anauzia, kwa urefu wa mtoto, kiangazi na mvua. Matokeo yasomwe redioni kwa Kiswahili, yasifungiwe kabatini.

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2006 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kinaagiza Serikali iangalie afya ya raia. Kimesema kila mtu. Muhami wa vita naye ni mtu, na anapumua.