Majivu Yakitanda, Ndege Zisiruke

Sisi wa visiwani leo twaitegemea ndege kama wazee wetu walivyolitegemea jahazi. Mgonjwa wa Pemba, mfanyabiashara wa Unguja na mgeni wa hotelini, wote wanaingojea. Safari inapoahirishwa manung'uniko huwa mengi, na wapo wakubwa wasioona haya kumshurutisha mwenye ndege airushe. Lipo jambo moja ambalo twawaomba wasithubutu kulifanyia hivyo, nalo ni majivu ya volkano.

Mlima Karthala wa Ngazija, ambako wengi wetu tuna jamaa, ungali hai. Mwaka 2005 ulilipuka mara mbili, na majivu ya Novemba yalichafua mabirika ya maji ya mvua vijijini. Hayo watu waliyaona. Madhara yake ndani ya injini hayaonekani.

Katika injini ya ndege kubwa za kisasa, joto la hewa itokayo kwenye chumba cha moto hupita nyuzi 1,500 za Selsiasi, ilhali aloi ya nikeli iliyotengenezewa mapanga yake huyeyuka kabla ya nyuzi 1,400. Mapanga hayo husalimika kwa hewa ya kupoza ipitishwayo matunduni mwake, na kwa vazi la kauri yalilovishwa. Kauri hiyo ni zirkonia iliyochanganywa na itria, kiasi cha asilimia 7 au 8, na mara nyingi unene wake haufiki nusu milimita. Ina vinyweleo na nyufa ndogo mno zinazoisaidia kuzuia joto na kutanuka pamoja na chuma bila kubanduka.

Lakini adui huingilia humo humo. Majivu, ambayo kwa hakika ni vumbi la mawe na kioo, huyeyuka katika joto hilo yakapenya kwenye kauri mithili ya mafuta katika kitambaa. Injini ikipoa yanaganda, kauri inakakamaa, kisha inabanduka vipande vipande na kuliacha panga wazi mbele ya moto. Pengine maafa hayangoji hata hayo: tarehe 24 Juni, 1982, Boeing 747 ya British Airways iliingia katika majivu ya mlima Galunggung, kisiwani Java, injini zote nne zikazimika. Ziliwaka tena baada ya ndege kushuka chini ya majivu, nayo ikatua Jakarta. Injini ndogo zisizo na kauri nazo hazisalimiki, kwani majivu husaga chuma chenyewe.

Twaitaka Serikali ijiandae sasa. Maonyo ya kituo cha Toulouse, Ufaransa, kinachofuatilia majivu katika anga za Afrika, yafike bila kuchelewa katika viwanja vya Unguja na Pemba, na yatiiwe. Iwepo boti maalumu ya kuwachukua wagonjwa siku hizo. Na injini iliyopita majivuni ichunguzwe ndani kabla ya kurushwa tena, hata mwenyewe akilalamikia hasara.