Gari halinunui spika

Leo naweka programu kando kidogo. Jamani, sisi wanunuzi wa nyaya na spika Luthuli Avenue, Nairobi, twakumbuka zile kelele za matatu. Mwaka 2019 barabara ikafanywa ya mwelekeo mmoja, njia za miguu zikapanuliwa. Mbona maduka hayakufa? Anayenunua ni mtu, si gari!

Mwaka 2015 sera ya kaunti iliahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa wanaotembea na waendesha baiskeli. Lakini baiskeli yangu bado naifungia nyumbani, maana njia yake mjini imetekwa na bodaboda. Wakubwa, programu unayoiandika kisha usiiendeshe haimsaidii mtu. Na sera ni vivyo hivyo. Tekelezeni!